Kiini cha ETD39 cha N87: feraiti haina neno, shida iko kwenye bobini

Seti kamili ya ETD39, kiini cha kutengenezea transfoma, ni nusu mbili za kiini cha feraiti, bobini (fremu ya kusukia waya) ya pini 16 na vibanio viwili vya chuma. Mafundi wengi wa pawasaplai za masafa ya juu huikimbilia kazi inapokuwa kati ya wati 100 na 400 hivi, na kuna sababu. Lakini wanaoisifu husifu feraiti, na wanaoilaumu pia huilaumu feraiti, ilhali sehemu hiyo ndiyo yenye matatizo machache kuliko zote. Kinachoamua kama transfoma itatoka baridi au itaunguza transista ni milimita 25.7 za upana wa bobini, na namna unavyozigawa kati ya shaba na kihami.

Tuanze na feraiti tuimalize haraka. N87 ni feraiti ya manganizi na zinki ya TDK, iliyokuwa ikiuzwa kwa jina la EPCOS. Hushiba, yaani huacha kubeba sumaku zaidi, kwenye mT (militesla) 490 ikiwa na nyuzi joto 25, na mT 390 ikifika nyuzi joto 100. Hesabu zote zifanywe kwa hiyo ya pili, kwa kuwa hakuna transfoma inayofanya kazi ikiwa baridi. Upotevu wake ni karibu kW 375 kwa mita ya ujazo kwenye kHz 100, mT 200 na nyuzi 100. Upotevu huo hupungua kadiri kiini kinavyopata joto hadi kwenye nyuzi 100 hivi, halafu huanza kupanda tena. Kwa hiyo kiini kilichoachwa kivuke nyuzi 110 au 120 kinaanza kujipasha chenyewe: joto linaongeza upotevu, upotevu unaongeza joto.

Umbo la ETD lina mguu wa kati wa mviringo, na hapo linawashinda ndugu zake wa EE wenye mguu wa mraba. Kwa eneo lilelile la kiini, mzunguko mmoja wa waya kuzunguka duara ni mfupi kwa takriban asilimia 11 kuliko kuzunguka mraba. Shaba inapungua, na ukanda wa shaba haukunjiki kwenye pembe kali zinazokata tepu. Eneo la kiini ni mm² 125, ujazo ni mm³ 11,500, na wastani wa urefu wa mzunguko mmoja ni mm 69.

Ili tuipime kwa haki, tuipe kazi halisi: pawasaplai ya nusu-daraja (transista mbili zinazopokezana) ya volti 24 na ampea 10, inayolishwa na umeme wa ukutani wa volti 230 uliorektifaiwa, transfoma ikiendeshwa kwa kHz 100. Chukua volteji ya DC ya chini kabisa kuwa volti 240. Kwenye nusu-daraja, praimari (koili ya kuingizia umeme) inaona nusu yake, yaani volti 120. Acha kila transista iwake kwa mikrosekunde 4.2 kati ya 5 zilizopo. Volti 120 mara mikrosekunde 4.2 ni 504. Ukiruhusu sumaku iyumbe kutoka hasi mT 100 hadi chanya mT 100, mabadiliko ni T 0.2, na mara mm² 125 unapata 25. Gawa 504 kwa 25: mizunguko 20.

Wengi huishia hapo. Usiishie hapo. Pawasaplai inapowashwa, sumaku huanza kwenye sifuri, si kwenye hasi mT 100, na kidhibiti kinaweza kufungua muda wote wa mikrosekunde 4.2 huku DC ikiwa juu kabisa, tuseme volti 375. Praimari itaona volti 187.5, na sumaku itaruka hadi mT 315 kwa mpigo mmoja. Bado iko chini ya 390, lakini akiba iliyobaki si kubwa. Sasa fikiria aliyesuka mizunguko 10 kwa sababu alisoma kwamba feraiti hii inabeba mT 200 bila shida. Katika hali ya kawaida ana mT 200 kweli, na upotevu wa kiini umepanda kutoka wati 0.7 hadi wati 4.3. Siku ya kuwasha umeme ukiwa juu, kiini kinatakiwa kufika mT 630, na hakifiki. Kinashiba, praimari inageuka kipande cha waya tu, na transista zinapasuka kabla fyuzi haijahisi lolote. Anabadilisha transista, anawasha tena, zinapasuka tena, na lawama inaangukia transista bandia.

Sekondari (koili ya kutolea): volti 24 za kutoa, volti 0.8 za dayodi, na kidogo cha choki na nyaya. Kwa mizunguko 5 kwa kila moja ya nusu zake mbili, sekondari inatoa volti 30 kwenye DC ya chini, na ukizidisha kwa 0.84 (4.2 kwa 5) unabaki na 25.2. Inatosha, japo kwa kubana. Angalia upande wa pili wa hesabu hiyo: DC ikiwa volti 375, kila nusu ya sekondari inatoa karibu volti 47, na dayodi iliyozimwa inaona mara mbili yake, volti 94, kabla hujahesabu mitetemo ya kila swichi. Dayodi ya Schottky ya volti 100 haitadumu. Weka ya volti 150 au 200, na uipe kapasita ndogo na rezista za kumeza mtetemo.

Sasa tuje kwenye bobini, ambako ETD39 inaanza kuonyesha masharti yake.

Upana wa kusukia ni mm 25.7, na kimo ni takriban mm 6.9. Ukitumia waya wa kawaida wenye vanishi, lazima kuwe na umbali wa kutambaa, yaani njia ambayo umeme ungepita juu ya uso wa kihami, kati ya praimari na sekondari. Desturi ya warsha ni mm 6, ambayo hupatikana kwa kuweka tepu ya ukingoni ya mm 3 kila upande. Zinabaki mm 19.7. Karibu robo ya dirisha imekwenda kabla hujazungusha waya hata mara moja. Kwenye ETD29 hasara hiyo inauma zaidi kwa kuwa bobini yenyewe ni fupi, na kwenye ETD49 haihisiwi sana. Kwa ETD39 inavumilika, ila inakulazimisha upange.

Mkondo wa praimari ni ampea 2.65 kwenye kilele, na ampea 2.4 hivi kwa thamani ya RMS, yaani ile inayopasha waya joto. Kwenye kHz 100 mkondo hukimbilia ngozi ya shaba, kina cha mm 0.24 tu shaba ikiwa na nyuzi 100. Waya mmoja mnene wa mm 1 ungekuwa na moyo uliolala bure. Waya wa litz (nyuzi nyembamba zenye vanishi zilizosokotwa pamoja) wa nyuzi 100 za mm 0.1 unafaa: eneo la shaba ni mm² 0.785, na unene wa nje ni karibu mm 1.4. Mizunguko 10 inachukua mm 14 na kidogo, hivyo inaingia kwenye tabaka moja, na unaitawanya ijaze upana wote. Usiirundike upande mmoja. Tabaka lililorundikana huvujisha sumaku.

Kwa nini 10 na si 20? Kwa sababu praimari igawanywe mara mbili, nusu chini na nusu juu, sekondari ikae katikati. Kwa vipimo vya bobini hii, praimari nzima ikiwa chini na sekondari juu yake, indaktansi ya kuvuja, yaani ya sumaku ya praimari isiyoifikia sekondari, hutoka karibu µH 3. Ukiigawanya inashuka hadi karibu µH 1, ukiongeza kidogo kwa ajili ya miguu ya waya. Tofauti hiyo unaiona kwenye osiloskopu papo hapo: ule mwiba wa volteji transista inapozima unapungua, na rezista za kumeza mtetemo zinaacha kunuka.

Sekondari ni kazi ya ukanda wa shaba. Upana wa mm 18, unene wa mm 0.15, kanda mbili zikisukwa pamoja kwa mizunguko 5, na tepu kati ya kila tabaka. Mkondo wa RMS kwa kila nusu ni ampea 6.8, na mm² 2.7 zinaubeba bila kuhema. Kuna kishawishi cha kuweka ukanda wa mm 0.3 kwa imani kwamba shaba zaidi ni joto pungufu. Ni kinyume. Kwa tabaka tano zilizopangana bila praimari kati yake, ukanda wa mm 0.15 una ukinzani wa kHz 100 ulio karibu mara 1.4 ya ule wa DC. Ukanda wa mm 0.3 unafika mara 7 na ushee. Ukinzani wa DC umepungua nusu, lakini kwa mkondo unaobadilika upotevu umezidi mara mbili na nusu. Shaba nene kwenye masafa ya juu inazalisha mikondo ya kuzunguka ndani yake yenyewe, na kila tabaka la ziada linaizidisha.

Hatua za kusuka ni hizi. Weka tepu ya ukingoni mm 3 pande zote mbili, kwa kimo kile kile cha waya utakaofuata. Suka mizunguko 10 ya litz, na kila mguu unaovuka ukingo uvalishwe mrija wa kihami hadi kwenye pini. Zungusha tepu ya poliesta mara tatu, iwe pana kuliko tabaka ili ipande kidogo kwenye kuta za bobini. Fuata na kanda mbili za shaba, halafu tepu mara tatu tena, kisha mizunguko 10 iliyobaki ya praimari kwa mwelekeo uleule wa mwanzo. Mwisho wa nusu ya kwanza unaungana na mwanzo wa nusu ya pili. Kwenye sekondari, mwisho wa ukanda mmoja na mwanzo wa mwingine huungana kuwa ncha ya katikati ya sekondari. Ukijumlisha tabaka zote unapata kama mm 5.5 kati ya 6.9. Nafasi iliyobaki inatosha waya mwembamba wa kulisha kidhibiti, si zaidi ya hapo.

Sehemu inayoharibika zaidi ni pale ukanda wa shaba unapounganishwa na mguu wake wa kutokea. Risasi ikiganda huacha kipele chenye ncha, na tabaka linalofuata likikazwa, ncha hiyo inatoboa tepu polepole. Transfoma inapita majaribio ikiwa baridi na kufeli baada ya wiki kadhaa za joto. Paka risasi kidogo, ibonyeze kwa ncha ya chuma cha kulehemu mpaka ilale, pitisha msasa laini, kisha weka kipande cha tepu chini na juu ya kiungo.

Litz nayo ina ujanja wake. Nyuzi 100 zenye vanishi ya poliurethani zinahitaji chungu cha risasi chenye joto la nyuzi 400 au zaidi ili vanishi iungue na kila uzi ushike. Hapa ndipo lawama yangu kubwa kwa bobini inapoangukia. Zipo za plastiki ya PBT, inayoyeyuka kwenye nyuzi 225 hivi, na zipo za fenoli iliyotiwa nyuzi za kioo, ambazo haziyeyuki kabisa. Kwa macho zinafanana kiasi cha kumchanganya asiyezizoea. Ukiichovya pini ya bobini ya PBT kwenye chungu kwa sekunde nyingi kuliko mbili tatu, pini inalegea na kuinama, na ukiiingiza kwenye bodi haikai. Kama kazi yako ni ya litz, agiza fenoli kwa jina. Kama umeshapata PBT, paka risasi ncha za litz kwanza zikiwa mbali na bobini, zisafishe, ndipo uzifunge kwenye pini na kuzigusa kwa chuma kwa muda mfupi.

Namna ya kujua kama nyuzi zote zimeshika: pima ukinzani wa praimari kwa mita ya miliohmu yenye nyaya nne. Mita 1.38 za litz hiyo kwenye joto la chumba zinapaswa kuwa karibu miliohmu 30. Ukisoma 38, takriban nyuzi 20 kati ya 100 hazijashika. Mita ya kawaida ya mkononi haitakuonyesha tofauti hiyo.

Kufunga kiini kunahitaji usafi kuliko nguvu. Nusu mbili zinagusana kwa nyuso zilizosagwa laini sana, na seti isiyo na pengo ina thamani ya AL (indaktansi) ya nH 2,700 kwa mzunguko mmoja, yaani mH 1.08 kwa mizunguko 20. Vumbi la maikromita 10 tu kwenye nyuso linashusha namba hiyo kwa robo. Likifika maikromita 30, inabaki nusu. Futa kwa spiriti, kausha, usiguse tena kwa vidole. Gundi isiwekwe kwenye nyuso kamwe. Iwe tone nje ya kiungo, au uache vibanio vifanye kazi yake. Na usimwagie gundi ngumu ya epoksi kote. Feraiti na epoksi havitanuki sawa kwenye joto, na kiini hupasuka kwa ufa usioonekana mpaka mkondo unapoanza kupanda.

Baada ya kufunga, mita ya LCR (ya kupima indaktansi) inakwambia mengi kabla ya umeme wowote. Praimari ikiwa kati ya mH 0.86 na 1.4, uko ndani ya uvumilivu wa feraiti. Ikiwa mH 0.5, fungua usafishe, au kiini chenyewe si N87. Ikiwa µH chache tu, ama nusu ya pili ya praimari imesukwa kinyume, ama kuna mzunguko ulioshikana. Aghalabu, kwa anayeweka ngao ya shaba kati ya tabaka, ni ngao hiyo ambayo ncha zake zimegusana badala ya kutenganishwa na tepu. Kisha unganisha pini zote za sekondari kwa waya mfupi mnene na pima praimari tena kwa kHz 100: zaidi ya µH 2 maana yake tabaka zimekaa vibaya. Mwisho, volti 3,000 za AC kati ya praimari na sekondari kwa dakika moja. Kipimo hiki hakirukwi, hata kwa kifaa cha matumizi yako mwenyewe.

Kwenye bodi, tanguliza kapasita ya polipropilini ya µF 1 mfululizo na praimari. Transista mbili hazizimi kwa kasi sawa, na bila kapasita hiyo tofauti ndogo ya kila mpigo inasukuma sumaku upande mmoja hadi ishibe.

Joto: kiini wati 0.7, shaba kati ya wati 0.8 na 1. ETD39 hupanda takriban nyuzi 16 kwa kila wati, hivyo tarajia nyuzi 25 hadi 30 juu ya hewa iliyo ndani ya boksi. Kwa wati 240 hiyo ni raha, na ndiyo maana kiini hiki kinaweza kusukumwa hadi 400 ukiwa na feni.

Kuna wanaofikiri dawa ni kupandisha masafa. Kwenye kHz 300 na mT 100, N87 inapoteza kW 390 kwa mita ya ujazo, ambazo kwa ETD39 ni wati 4.5. Lazima ushuke hadi mT 50 hivi. Masafa yamepanda mara tatu, lakini mizunguko imetoka 20 ikafika 13 au 14, huku ngozi ya shaba ikiwa nyembamba zaidi na transista zikipoteza zaidi kila zinapobadili. Faida ipo, ila ni ndogo kuliko inavyotangazwa. N97, feraiti nyingine ya TDK, inapunguza upotevu kwa takriban moja ya tano kwenye kHz 100, na kama zote mbili zipo, ichukue; hakuna hesabu inayobadilika.

Kwa flaibeki (pawasaplai ambayo transfoma yake huhifadhi nishati kwanza, kisha kuitoa), ETD39 inafanya kazi, lakini ninaisifu kwa sauti ya chini. Pengo lazima liwe kwenye mguu wa kati pekee. Pengo la mm 1 lingetoa nH 150 kwa hesabu tupu, ila kwa uhalisia linatoa karibu 200, kwa sababu sumaku hufura nje ya pengo. Sumaku hiyo iliyofura hupita kwenye shaba iliyo karibu na kuichemsha, hasa ukanda. Kwa hiyo ukanda hauna nafasi kwenye flaibeki yenye pengo kubwa. Tumia litz, na inua tabaka la kwanza mm 2 au 3 kutoka kwenye mguu. Dirisha linapungua tena. Njia ya kukwepa hasara ya kingo ni waya wenye kihami cha tabaka tatu kwa upande mmoja: tepu za ukingoni zinaondoka, unapata mm 25.7 zote, na kusuka kunakuwa haraka. Ila waya huo ni mnene kwa shaba iliyomo, na kihami chake hakivumilii kukwaruzwa na pini wala kuunguzwa mbali kuliko kiungo kinavyohitaji.

Kama boksi lako ni fupi, usianze na ETD39 hata kidogo. Ni kiini kirefu, na pande zake zilizo wazi hutoa kelele nyingi za sumaku kuliko kiini cha umbo la PQ, ambacho feraiti yake huizingira shaba kwa sehemu kubwa. Ukanda wa shaba uliofungwa nje ya transfoma nzima, kiini na nyaya pamoja, ncha zake zikilehemiwa na kupelekwa ardhini, hupunguza kelele hiyo. Huo wa nje ndio pekee unaoruhusiwa kushikana ncha.